Kufufua na kuseti gari la rimoti la nitro lililotumika, kwa hewa na vumbi la Tabora

Gari la nitro, yaani gari dogo la rimoti lenye injini inayotumia mafuta ya nitro, likishushwa Tabora kutoka Dar es Salaam, wanunuzi wengi hushika bisibisi kabla ya kushika kitambaa cha kufutia. Injini inawaka, inatoa moshi mzito, inamisi, inazima. Hapo sindano za kabureta (skrubu zinazopima mafuta yanayoingia) zinaanza kuzungushwa huku na huku, na baada ya nusu saa seti aliyoiacha mwenye gari wa kwanza imepotea huku ugonjwa ukiwa palepale. Sindano ni kazi ya mwisho. Kabla yake kuna hewa inayovuja, vumbi, plagi na betri, na ukikosea mpangilio huo utakuwa unatibu homa bila kupima malaria.

Jambo la pili ni mwinuko. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Tabora iko mita 1,200 hivi juu yake. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo kwa kila mzunguko injini inavuta oksijeni kidogo, ilhali mafuta yanaingia yaleyale. Ndiyo maana gari lililosetiwa pwani likifika hapa huonekana zito, linatema mafuta kwenye ekzosi na halivuti. Halijaharibika, linashiba kupita kiasi. Kigoma, ambako ziwa lenyewe liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, tofauti hiyo ipo ila ni ndogo. Hatari iko upande wa pili: gari lililosetiwa Tabora likipelekwa Kigoma au Dar bila kufunguliwa sindano litakosa mafuta, litachemka, na linaweza kunoki siku hiyohiyo.

Mafuta kwanza

Injini hizi hazitumii petroli. Hazina cheche, plagi yake ina kijiwaya cha platinamu ambacho huwashwa na betri, kisha methanoli ndiyo inayokifanya kiendelee kuwa chekundu baada ya betri kuondolewa. Petroli haifanyi hivyo. Mafuta ya nitro ni methanoli, nitromethani na oili ya kulainisha iliyochanganywa humohumo. Kwa magari haya ya rimoti, yenye nitro asilimia 20 ndiyo ya kuanzia. Ukibadilisha kutoka asilimia 20 kwenda 30, au kubadili kampuni, lazima useti upya.

Mafuta haya hayaruhusiwi kwenye mzigo wa ndege ya abiria, hivyo panga kuyaleta kwa njia ya ardhini na kwa kufuata masharti ya msafirishaji kuhusu vitu vinavyoshika moto kwa urahisi. Lita 4 hujaza tangi la sentimita za ujazo 125 kama mara 30, na tangi moja ni dakika kumi hadi kumi na tano za kucheza.

Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kikinywewa hupofusha, na huua. Usiyahamishie kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda, hata kwa dakika mbili. Yaache kwenye kidumu chake, uandike SUMU kwa kalamu nene, uyafungie mbali na watoto. Moto wake mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu anaweza kuungua bila kuona mwali: usijaze tangi injini ikiwa inanguruma, wala karibu na mtu anayevuta sigara, wala karibu na jiko la mkaa. Fanya kazi nje, kwenye hewa.

Na funga kifuniko mara tu unapomaliza kumimina. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na kuanzia Novemba mvua zikianza hapa, kidumu kilichoachwa wazi usiku mmoja kinatosha kukupa injini isiyokaa sailensi (mwendo wa chini bila kugusa gesi) bila sababu unayoiona. Jua nalo huharibu nitro. Weka kidumu gizani. Kama gari limekuja na kidumu kilichobaki nusu na hujui kimekaa muda gani, kiweke kando. Usisetie gari kwa mafuta ya mashaka.

Kukagua injini ikiwa baridi

Safisha gari zima kwa brashi kavu na upepo wa kompresa ya wanaojaza matairi, huku umeziba mdomo wa kabureta na ekzosi kwa kitambaa. Usipige maji. Ukiwa umeng'oa filta ya hewa, chungulia ndani ya shingo ya kabureta kwa tochi. Ukiona ukungu wa vumbi umeganda kwenye oili, jua kwamba injini hiyo imekuwa ikila mchanga, na ukaguzi unaofuata ufanye kwa makini zaidi.

Zungusha gurudumu la injini (lile la chuma lililo nyuma ya klachi) kwa kidole, plagi ikiwa imefungwa. Pistoni ikifika juu kabisa unapaswa kuhisi inabana kwa nguvu. Slivu ya injini hizi (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) ni nyembamba kidogo kwa juu kwa makusudi. Ikipata joto hutanuka na kuachia nafasi sahihi. Kwa hiyo injini ambayo ikiwa baridi inapita juu laini bila kubana imekwisha pistoni na slivu. Dalili yake barabarani inajulikana: inawaka vizuri asubuhi, inakimbia tangi moja, inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Hiyo haitibiwi kwa sindano. Unanunua pistoni na slivu zikiwa seti moja, kamwe si kimoja peke yake.

Ukiwa hapohapo, shika gurudumu la injini ulitikise kidogo mbele na nyuma pistoni ikiwa karibu na juu. Ukisikia "tk, tk" kabla pistoni haijasogea, koni rodi (mkono unaoshika pistoni) imelegea. Kisha livute juu na chini: likicheza, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zimechoka. Mafuta yanayolowanisha nyuma ya gurudumu hilo yanasema jambo lilelile kuhusu beringi ya mbele.

Hewa inayovuja

Hapa ndipo magari mengi yaliyotumika yanapopotezea watu siku. Injini ya nitro huvuta hewa na mafuta kupitia ndani ya bloku. Tundu dogo popote kwenye bloku huingiza hewa ambayo kabureta haiijui. Utaona hivi: sailensi inapanda na kushuka yenyewe, ukiachia gesi injini inaendelea kulia juu kwa sekunde tatu nne kabla ya kushuka, unaseti, inakaa, unarudi baada ya dakika tano imebadilika. Ukiziona hizo tatu, weka bisibisi chini.

Kupima ni rahisi. Ng'oa injini, iache na plagi na kabureta yake. Ziba mdomo wa ekzosi na mrija wa mafuta kwa vipande vya mpira, vuta bomba la silikoni kwenye mdomo wa kabureta ulifunge kwa kibanio, kisha izamishe kwenye ndoo ya maji safi na upulize kwa mdomo. Mapovu yatakuonyesha. Sehemu za kuangalia ni shina la kabureta linapoingia kwenye bloku, mfuniko wa nyuma wenye stata, chini ya kichwa cha silinda, na kwenye beringi ya mbele. Povu moja moja la taratibu kwenye beringi ya mbele linavumilika. Mfululizo wa mapovu kwenye shina la kabureta hauvumiliki.

Badilisha oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja), safisha kwa spirit, paka silikoni ya gasketi inayostahimili joto, utando mwembamba tu kuzunguka shina la kabureta na kingo za mfuniko wa nyuma, funga, uiache ikauke usiku mzima. Ukipaka nyingi, ziada inaingia ndani na kukatika vipande. Skrubu za kichwa zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, siyo moja mpaka mwisho halafu nyingine. Injini ikishatoka majini, ikaushe kwa upepo na uitie matone ya oili mara moja, isishike kutu.

Halafu angalia upande wa tangi. Mrija mwembamba unaotoka kwenye ekzosi kwenda tangini hupeleka mgandamizo unaosukuma mafuta. Mrija ukipasuka, mpira wa kifuniko ukichoka, au kiungo cha silikoni kati ya injini na ekzosi kikitoboka, mgandamizo unashuka na injini inakosa mafuta kwenye mwendo mkubwa. Badilisha mirija yote. Ni kitu cha bei ndogo. Tumia ya silikoni. Mirija ya dripu hukakamaa kwa methanoli na kuvuja kwenye maungio.

Filta na kichanga cha hapa

Kichanga chepesi kilicho chini ya miembe ya Tabora kinapendeza kukimbizia gari, na ndicho kinachoua injini. Kati ya Juni na Oktoba hakuna mvua ya kukituliza. Gari likipinda kwa kasi, matairi ya nyuma yanakirusha juu kama unga, na kabureta iko katikati ya wingu hilo.

Filta kavu haizuii vumbi laini. Sponji lazima inate. Ioshe kwa mafuta ya taa au sabuni ya kuoshea vyombo, ikamue, ikauke kabisa, kisha itie mafuta ya filta za sponji yanayouzwa kwa pikipiki za mashindano. Iminye ndani ya mfuko wa plastiki mpaka rangi ienee sawasawa, halafu ikamue tena ziada. Ukikosa mafuta hayo, oili nzito ya injini, SAE 40, itakuvusha siku moja, ila kesho yake itakuwa imeteremka chini na nusu ya juu ya sponji imebaki kavu. Filta yenye tabaka mbili ndiyo inayofaa hapa. Osha kila baada ya matangi matatu, na uwe na ya akiba iliyokwisha kutiwa mafuta kwenye mfuko. Shingo ya filta ifunge kwa klipu ya plastiki. Ikichomoka katikati ya mchezo, dakika moja inatosha kukwangua slivu.

Plagi, betri, rimoti

Ng'oa plagi, iunganishe na betri: kijiwaya chote kiwake chekundu cha machungwa. Kikiwaka nusu, tupa. Kuwashia tumia seli moja ya kuchaji ya volti 1.2, au betri kubwa ya tochi ya alkali ya volti 1.5. Usitumie kamwe betri ya simu. Volti 3.7 zinakata kijiwaya papo hapo, na utalaumu injini. Nunua plagi nne kwa pamoja za aina iliyotajwa kwa injini yako. Kwa joto la hapa, plagi ya joto la kati ndiyo salama.

Risiva (kifaa cha garini kinachopokea mawimbi ya rimoti) ipe betri nne mpya, au pakiti ya kuchaji ya volti 6. Betri dhaifu hufanya sevo (mota ndogo inayovuta gesi na breki) ibaki wazi na gari kukimbilia ukutani. Rimoti ya zamani ya megahezi 27 yenye kristali, ukiweza, ibadilishe kwa ya gigahezi 2.4, uiseti ili mawimbi yakipotea gesi ijifunge na breki ishike. Lijaribu hilo gari likiwa juu ya kigogo, matairi hewani: zima rimoti, uangalie mkono wa sevo unaenda wapi. Ongeza springi ya kurudisha gesi kwenye kabureta kama haipo.

Kidole kikiwa nje ya gesi, tundu la kabureta liwe wazi kama milimita 1, zaidi kidogo ya unene wa kadi ya benki. Gesi yote, liwe wazi lote. Ukishika breki, tundu hilo lisibadilike.

Kuwasha

Kabla ya kuwasha, hesabu. Funga sindano ya mwendo wa juu polepole mpaka iguse tu, ukihesabu mizunguko, uandike: kwa mfano, mitatu na robo. Usiikaze ikishagusa, ncha itaharibika. Irudishe ilipokuwa, halafu ifungue thumuni ya mzunguko zaidi kwa usalama. Kama imechezewa na namba haina maana, mizunguko mitatu na nusu hadi minne ni mahali pa kuanzia kwa kabureta nyingi za magari haya. Kufunga ni upande wa saa, na ni kupunguza mafuta. Kufungua ni kuongeza.

Jaza tangi. Ziba ekzosi kwa kidole chenye kitambaa, vuta kamba ya stata mara mbili tatu huku ukitazama mafuta yakitembea kwenye mrija. Yakifika kabureta, acha. Weka betri kwenye plagi, vuta kwa mivuto mifupi ya sentimita 30. Kamba ikigoma ghafla, usiilazimishe: silinda imejaa mafuta. Ng'oa plagi, geuza gari kichwa chini, vuta mara tano sita yamwagike, funga tena.

Ikiwaka, iache na betri sekunde 20, kisha iondoe. Kimbiza tangi lote la kwanza polepole kwa kuongeza na kupunguza gesi. Usiguse sindano injini ikiwa baridi. Utakachoseti kwenye baridi kitakuwa cha uongo ikipata moto.

Kama umeweka pistoni na slivu mpya, kazi ni nyingine: matangi matano, mafuta mengi, mwendo mdogo, injini ipoe kabisa kati ya tangi na tangi huku pistoni ikiwa chini. Injini mpya ikibana sana hadi kamba haivutiki, ipashe joto kwa draya ya nywele kwanza.

Kuseti

Anza na sindano ya mwendo wa juu. Piga gesi yote mita 20, gari likiwa moto, ukiwa na mtu wa kuangalia moshi ukiwa upande wa jua. Moshi mzito na mlio wa kukoroma, gari likichelewa kushika mwendo: funga thumuni moja. Rudia. Thumuni moja kwa wakati, mbio mbili, angalia, ndipo thumuni nyingine. Utafika mahali mlio unakuwa safi na mwembamba na bado kuna uzi wa moshi wa bluu nyuma ya gari. Hapo ndipo. Ukiendelea kufunga, mlio utapanda vizuri zaidi kwa sekunde moja, halafu gari litaishiwa nguvu ghafla kama lililokatiwa mafuta, bila moshi. Huko ndiko injini inakofia. Rudisha thumuni mbili mara moja.

Joto ndilo hakimu. Kichwa cha silinda, kwenye plagi, kiwe kati ya nyuzi 100 na 125 za Selsiasi. Vipimajoto vya paji la uso havifai, vinaishia nyuzi 43 hivi. Unahitaji cha viwandani. Kama huna, dondosha tone moja la maji juu ya kichwa cha silinda mara gari linaposimama, ulitazame. Tone likitulia, likatoa vipovu na kuisha kwa sekunde tatu hadi tano, uko sawa. Likirukaruka na kutoweka kabla hujakunja vidole, injini imepita kiasi: izime, ipoe, fungua robo mzunguko. Likikaa tu linatoa mvuke mdogo, bado inakula mafuta mengi.

Kisha sindano ya mwendo wa chini. Acha injini sailensi sekunde kumi, halafu bana mrija wa mafuta karibu na kabureta. Iendelee sekunde mbili hadi nne, ipande mlio kidogo, izime. Ikizima papo hapo, fungua. Ikiendelea sekunde sita na kupanda polepole, funga. Na huku ni thumuni, au hata nusu yake. Kosa linalojirudia ni gari linalosita ukipiga gesi kutoka kusimama. Likisita na moshi mwingi, limelowa: funga. Likisita bila moshi na kutaka kuzima, lina njaa: fungua.

Mwisho ni skrubu ya sailensi, mpaka injini ikae chini bila klachi kushika matairi. Wengine huificha shida ya sindano ya chini kwa kupandisha sailensi. Klachi inaungua na breki inapigana na injini.

Ng'oa plagi usome kijiwaya. Kikiwa kama kipya, kimelowa na kung'aa, mafuta bado ni mengi. Kikiwa kimepinda au kimekuwa kijivu cha majivu, mafuta ni machache.

Seti hiyo ni ya siku hiyo. Asubuhi ya Julai baridi ya hapa inafanya hewa iwe nzito, na gari lililosetiwa mchana wa Oktoba litahitaji kufunguliwa thumuni moja. Mchana jua likipanda, lirudishe. Ukishuka Kigoma, fungua kwanza thumuni moja hadi mbili ndipo uwashe. Ukienda Dar, robo nzima au zaidi, halafu anza kutafuta upya kwa mbio za mita 20.

Gia, shokapu na vinginevyo

Kati ya gia ya klachi na gia kubwa weka ukanda wa karatasi ya daftari, zibane, kaza skrubu za injini, kisha zungusha karatasi itoke: iwe na mikunjo bila kukatika. Zikibana zinaunguruma na kupasha injini. Zikilegea zinakula meno ya plastiki. Skrubu zote zinazoingia kwenye chuma zitie gundi ya nati ya bluu, hasa za injini. Zinazoingia kwenye plastiki usizitie.

Beringi za matairi zizungushe kila moja kwa kidole. Inayokwaruza badilisha, mchanga umeshaingia. Shokapu zinazovuja zijaze oili ya silikoni yenye uzito wa 30 hadi 40 na oringi mpya. Difu ikilia kwa sauti ya kusaga, ifungue usafishe kabla meno hayajakatika.

Kuzima na kuhifadhi

Zima kwa kuziba ekzosi kwa kitambaa kinene. Mwisho wa siku mwaga tangi, washa tena injini imalize mafuta yaliyobaki kwenye mirija ikiwa sailensi, kisha ng'oa plagi na utie matone manne matano ya oili ya kuhifadhia kwenye tundu la plagi na mengine kwenye kabureta. Vuta kamba mara kadhaa ienee. Methanoli iliyobaki huvuta maji, na beringi za krenki hushika kutu ndani ya wiki moja ya masika.

Zungusha gurudumu la injini mpaka pistoni iwe chini kabisa, uweke alama ya rangi juu ya gurudumu mahali hapo ili usikisie tena. Ikiachwa juu ikiwa moto, slivu inapopoa inaing'ang'ania, na kesho kamba ya stata ndiyo itakayokatika.